Pombe ya Bibi na Vijiti vya Daftari



Likizo iliyopita niliombwa kuzungumza na vijana wa VIWAWA juu ya fadhila ya kiasi. Mada ilienda vizuri. Ulipofika muda wa maswali, binti mmoja aliyekaa benchi la nyuma akasimama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Frateri, mama yangu anapika pombe ya kienyeji. Ndiyo inayonisomesha. Je, mama anatenda dhambi? Na mimi ninayesoma kwa pesa hiyo je?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilimjibu palepale, na nilidhani nimemjibu vizuri. Nilimtaja Mtakatifu Thomas wa Akwino, nikataja harusi ya Kana, nikamwambia mama yake hana dhambi na ada yake ni safi kabisa. Vijana wakapiga makofi. Binti akasema, "Asante Frateri," akakaa.

Njiani kurudi nyumbani sikuwa na amani. Nilikuwa nimemjibu kama mtu aliyemaliza falsafa juzi juzi, wakati ningeweza kumjibu kama mtu aliyekulia kwenye chungu cha pombe. Maana mimi pia, ndugu zangu, nimesomeshwa na pombe. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Kazi ya bibi

Nimekulia Karema, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, kwa bibi mzaa mama. Huku kwetu Katavi na kwa jirani zetu wa Rukwa pombe za nyumbani ni nyingi: kuna ya ulezi, kuna ya mahindi, Wafipa wana kimpumu, na kule kwenye misitu yenye mizinga, upande wa Inyonga, watu wana wanzuki ya asali. Bibi alipika ya mahindi na kimea cha ulezi.

Mnaoiona ikiwa tayari kwenye kopo hamjui kazi iliyomo. Kwanza analoweka ulezi usiku mzima. Asubuhi anaumwaga kwenye gunia, anaufunika kwa majani ya mgomba na kuunyunyizia maji. Siku ya tatu hivi ulezi umeota vijimizizi vyeupe. Anauanika juani ukauke kabisa, kisha unasagwa. Hicho ndicho kimea.

Halafu anapika uji wa unga wa mahindi kwenye pipa. Uji ukishaiva anausubiri upoe, na hapo ndipo palipokuwa na ufundi wote. Alikuwa anachovya kidole na kuhesabu. Akishindwa kufika kumi, bado ni moto, kimea kitakufa. Ukipoa kupita kiasi, utachachuka vibaya. Ukiwa sawasawa, anatia kimea na kufunika. Baada ya muda uji ule unakuwa mtamu: ni togwa, na sisi watoto tulipewa. Kisha unachemshwa tena, unapozwa, unatiwa kimea kingine, na unaachwa usiku mmoja au miwili mpaka uanze kutoa mapovu. Bibi anasema, "Sasa inachemka bila moto." Hapo inachujwa, machicha wanapewa nguruwe, na watu wanaanza kuingia uani.

Baadaye shuleni nilifundishwa kwamba nafaka inayoota hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari hiyo kuwa kileo na hewa. Bibi hakuyajua maneno hayo, lakini chungu chake cha kuchachulia alikataza kabisa kisioshwe kwa sabuni. Hamira yake ilikuwa inaishi mle ndani.

Kazi yangu mimi ilikuwa daftari. Kuanzia darasa la tano, niliandika kila mpiko: madebe mangapi ya mahindi, kilo ngapi za ulezi, kimea kimekaa juani siku ngapi, pombe imetoka vipi. Ilikuwa raha kweli. Tuligundua kwamba kimea kilichoanikwa siku mbili kinatoa pombe nzuri kuliko cha siku moja, na kwamba masika lazima uongeze muda. Mwaka wa pili karibu hatukumwaga tena pipa lililoharibika. Nilijiona fundi.

Kurasa za nyuma za daftari zilikuwa za madeni. Jina, tarehe, na vijiti. Kopo moja, kijiti kimoja. Vijiti vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yake.

Jibu nililotoa, na ni la kweli

Turudi kwa Mtakatifu Thomas. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 169, anajiuliza juu ya mafundi wanaotengeneza vitu ambavyo watu wengine huvitumia vibaya. Anatenganisha makundi mawili. Kuna vitu ambavyo mtu hawezi kuvitumia bila dhambi, mfano sanamu za kuabudiwa, na anayevitengeneza anatenda dhambi. Kuna vitu vinavyoweza kutumika kwa wema au kwa ubaya, mfano upanga na mshale, na ufundi wa kuvitengeneza si dhambi.

Pombe iko kundi la pili, na hilo halina ubishi kwetu Wakatoliki. Zaburi ya 104 inaitaja divai kati ya zawadi ambazo Mungu anamfurahisha nazo mwanadamu. Yoshua bin Sira, sura ya 31, anaisifu divai inayonywewa kwa kiasi na kwa wakati wake, na papo hapo anaonya juu ya ile inayonywewa kwa kupitiliza. Bwana wetu alianza ishara zake kwa kujaza mitungi sita ya mawe (Yn 2:1-11). Kitabu cha baraka cha Kanisa, Rituale Romanum, kina hadi sala ya kubariki bia. Na wako wamonaki wa Ubelgiji wanaosali Masifu alfajiri na kupika bia mchana.

Hata hapa kijijini, pombe imefanya mema. Mtu akiwa na shamba kubwa na mikono michache, anapika pombe, anaita majirani, wanalima pamoja mpaka jua kali, kisha wanakaa kunywa. Wajane wamelimiwa hivyo. Mahari zimepokelewa hivyo, misiba imemalizwa hivyo.

Kwa hiyo nilipomwambia binti yule kwamba kupika pombe si dhambi, sikusema uongo. Nisieleweke vibaya: sizungumzii gongo, ambayo sheria ya nchi inaikataza na ambayo imeua na kupofusha watu. Nazungumzia pombe ya kuchachusha, ile ya chungu.

Tatizo ni kwamba jibu lile lilinihusu mimi zaidi kuliko lilivyomhusu yeye. Lilinisaidia nisifungue kurasa za nyuma za daftari.

Kurasa za nyuma

Usiku ule nilimwomba bibi lile sanduku la chuma anamoweka vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba. Daftari lilikuwa mle, limeliwa na mende pembeni. Nikalifungua mwishoni.

Januari 2012. Jina la mzee mmoja mvuvi, ambaye sitamtaja. Huku kwetu wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, maana dagaa hawaifuati taa kukiwa na mwanga. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za kunywa kwa mkopo. Unakunywa leo, utalipa giza likirudi. Nilihesabu vijiti vyake vya mwezi ule. Mafungu 23 ya vitano, na viwili zaidi. Makopo 117. Kopo lilikuwa shilingi 200. Jumla 23,400, na chini yake nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la saba: AMELIPA.

Mwandiko ule ni wangu. Vijiti vyote ni vyangu.

Mzee yule alikuwa na mtoto wa kiume, rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja. Tulimaliza darasa la saba pamoja mwaka 2011. Yeye alichaguliwa kwenda sekondari ya kutwa ya serikali, mimi nikapata nafasi seminari ndogo. Wakati huo elimu bila ada ilikuwa haijaanza, ilianza 2016. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Weka na sare, michango, madaftari. Rafiki yangu alichelewa kuripoti, alirudishwa nyumbani kufuata pesa, na kabla ya Pasaka alikuwa ziwani na baba yake mdogo, anavuta nyavu. Hakurudi shule tena.

Januari ileile bibi alinilipia ada ya seminari, pesa taslimu, noti zilizokunjwakunjwa zikinuka samaki.

Unaona ninapoelekea. Sikuiba. Bibi hakuiba. Mzee alikunywa kwa hiari yake, akalipa kwa hiari yake. Lakini ilikuwa pesa ileile. Ilitoka kwenye nyumba moja yenye mtoto aliyechaguliwa, ikaingia kwenye nyumba nyingine yenye mtoto aliyechaguliwa. Mmoja leo anaitwa Frateri. Mwingine anabeba mizigo pale bandari mpya.

"Angekunywa kwingine"

Nilimfuata bandarini kesho yake. Tulisalimiana, tukataniana kama kawaida, kisha nikamwonyesha ukurasa ule. Niliona aibu, lakini nikamwambia: ndugu yangu, naomba unisamehe.

Akaucheka. "Frateri, acha mambo yako. Baba angekunywa hata kwingine. Kwani kwenu ndiyo kulikuwa na pombe peke yake?"

Hoja hii mnaijua, maana tunaitumia kila siku. Nisipomuuzia mimi, atamuuzia jirani. Nisipompa mimi majibu ya mtihani, atapewa na mwingine. Nilipokuwa nasoma falsafa nilijifunza kuipima hoja kwa kuuliza: inathibitisha nini hasa? Hii inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba mzee yule angelewa. Labda ni kweli. Lakini swali langu halikuwa yeye angefanya nini. Swali langu lilikuwa mimi nilifanya nini. Kama hoja ile ingetosha kumwondolea mtu lawama, basi kila mmoja wa wauzaji kumi angemnyooshea kidole mwenzake, na mtu angeleweshwa na watu kumi wasio na hatia hata mmoja. Haiwezekani. Tendo langu linabaki kuwa langu hata kama dunia imejaa watu walio tayari kulifanya badala yangu.

Nikamwambia hivyo, kwa maneno mepesi. Akanyamaza kidogo, akafunga kamba ya gunia. Kisha akasema jambo ambalo bado ninalo:

"Siku ile nilipokuja kumwita baba, bibi yako alikuwa ndani. Ni wewe uliyekuwa nje. Nilikuona unaandika."

Hakusema kwa hasira. Akanyanyua gunia lake akaenda.

Nilikumbuka. Alisimama mlangoni kwa uzio, hakuingia. Baba yake alinyoosha kopo, mimi nikachota, nikaweka kijiti. Nilimwona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijua kabisa kwa nini amekuja.

Kati ya kupika na kumimina

Hapa ndipo nilipoona jibu langu la semina lilipokatikia. Mtakatifu Thomas anasema fundi wa mapanga hatendi dhambi kwa kuyafua. Sawa. Lakini tuseme mtu anakuja dukani anahema, macho mekundu, anasema nipe upanga, namtafuta ndugu yangu. Ukimpa, huwezi kujificha nyuma ya ufundi wako. Upanga ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa unajua.

Mafundisho ya maadili ya Kanisa yanatofautisha namna mbili za kushiriki uovu wa mwingine. Kuna kushiriki kwa nia, pale ninapoutaka ule uovu pamoja naye. Na kuna kushiriki kwa tendo tu, pale ninapofanya kitu changu halali, na yeye anakitumia vibaya bila mimi kutaka. Hii ya pili inaweza kuruhusiwa, mradi niwe na sababu nzito, na sababu hiyo ilingane na madhara yanayofuata na ukaribu wangu nayo. Bibi alikuwa na sababu nzito: alikuwa mjane anayelea mjukuu. Hakuna mtu wa kumrushia jiwe. Lakini kipimo hicho hakipimwi mara moja, siku unaponunua ulezi, halafu kikawekwa kabatini. Kinapimwa upya kila unapochota. Kopo la kwanza kwa mzee aliyetoka kuvua usiku kucha, na kopo la kumi na moja kwa mzee yuleyule huku mwanae amesimama kwenye uzio, yametoka kwenye chungu kimoja, lakini si tendo moja.

Aristotle aliliona hili. Katika Maadili ya Nikomako, kitabu cha pili, anasema kiasi si nambari moja kwa watu wote. Chakula kinachomtosha Milo, yule mwanamieleka maarufu, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo. Kwa hiyo swali la kiasi haliwezi kujibiwa bila kumtazama mtu.

Na sisi wa Karema hatuhitaji kwenda Ugiriki kujifunza hilo. Tunaye Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, miaka michache tu baada ya wamisionari kukabidhiwa ile ngome ya Wabelgiji, na akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka sitini kijiji kimoja! Huwa nawaza: katika miaka yote hiyo, swali la daktari halikuwa kama dawa ni nzuri au mbaya. Dawa ileile inaponya na inaua. Swali lake kila asubuhi lilikuwa: huyu aliye mbele yangu ni nani, na nimpe kiasi gani? Daktari anayejua dawa vizuri lakini hamtazami mgonjwa ni mtu wa hatari.

Sisi tunaomimina tuko hivyohivyo. Kiwanda cha bia kilicho mbali hakimjui mnywaji kwa jina, na sheria ndiyo inayojaribu kukibana, kama Serikali ilivyopiga marufuku viroba mwaka 2017. Lakini anayemimina anamjua. Bibi alijua nani ana mgonjwa nyumbani, nani amepigana na mkewe jana, nani mwanae amechaguliwa. Kujua huko ni neema na ni mzigo. Kaini aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake (Mwa 4:9), akitumaini jibu litakuwa hapana. Mtakatifu Paulo naye, akizungumzia nyama iliyotolewa kwa sanamu, anakubali kwamba chakula chenyewe hakina neno, lakini anasema yuko tayari kuacha nyama milele kuliko kumwangusha ndugu yake aliye dhaifu (1Kor 8). Angalia: hakusema nyama ni mbaya. Alimtazama ndugu.

Nilichoambiwa jikoni

Jioni nilimkuta bibi anapepeta ulezi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akanitania kama siku zote: "Mume wangu, umerudi? Au Kanisa limeshakuchukua jumla?"

Nikamwambia ya daftari na ya bandarini. Nilitegemea angekasirika. Ningemwelewa. Ni rahisi sana mtu aliyeshiba kwa jasho la mwingine kugeuka na kulikosoa jasho lile.

Aliendelea kupepeta muda mrefu. Halafu akasema: "Nilikuwa na watoto wawili mbele yangu, wewe na yule. Nikakuangalia wewe."

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu kamili. Kumpenda mtoto wako kuliko wa jirani si kosa. Hata Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba upendo una mpangilio, na walio karibu nasi wanatudai zaidi. Lakini mpangilio maana yake ni nani wa kwanza. Haina maana kwamba wa pili haonekani.

Kisha bibi akanieleza jambo ambalo sikulijua, kwa sababu nilikuwa seminari. Miaka michache baada ya mimi kuondoka aliacha kuuza kwa mkopo. "Mkopo unamnywesha mtu pesa ambayo hajaivua," alisema. Na akaweka sheria nyingine: mtoto wa mtu akija kumwita baba yake au mama yake, anafunika chungu. Si kwa mtu huyo tu, kwa wote, mpaka huyo mtu ainuke. Wateja walilalamika, wengine wakahama. Sasa anapika kidogo, anauza togwa zaidi. Kipato kimepungua. Hakufundishwa na frateri yeyote. Alisema tu alichoka kuona watoto wamesimama kwenye uzio.

Mimi nilisoma miaka mitatu ya falsafa ili nifike pale alipofika yeye kwa mfuniko wa chungu.

Kwako binti, na kwenu nyote

Dada yangu uliyeuliza, jibu langu sasa ni hili. Mama yako hatendi dhambi kwa kupika pombe. Soma, tena soma kwa bidii. Ada yako si uchafu. Lakini usikubali jibu linaloishia hapo. Kaa na mama yako uani, kwa heshima, bila kumhubiria, na muulizane pamoja: hawa wanaokunywa ni akina nani? Kuna ambaye tungemwambia leo imetosha? Tukipoteza kopo tatu kwa siku, tutakufa? Pengine mtaona njia. Pengine hali ni ngumu kiasi kwamba mtapiga hatua moja ndogo tu. Mungu anaijua hali yenu kuliko mimi.

Na nyie wengine msijifiche, eti kwenu hamna pipa. Kwenye sherehe ya kipaimara ya mdogo wako nani anamwongezea mjomba ambaye ataendesha bodaboda usiku? Katekisimu inasema wazi kwamba wanaohatarisha maisha yao na ya wengine kwa ulevi wanabeba hatia nzito (KKK 2290), na anayewamiminia huku anajua hawezi kunawa mikono. Nani anamwambia rafiki anayejitahidi kuacha, "moja tu, usituangushe"? Kila mmoja wetu ana kata mkononi.

Mimi nililipeleka jambo lile kwenye kitubio. Padre hakunipa hotuba ndefu. Aliniuliza kama rafiki yangu ana watoto. Nikamwambia ana binti, anaanza darasa la kwanza Januari ijayo. Akasema, "Basi unajua pa kuanzia." Posho ya frateri ni ndogo, lakini madaftari na kalamu haiwezi kushindwa. Sijui kama hilo linalipa deni. Nadhani kuna madeni ambayo hayalipiki, unayahudumia tu.

Daftari nimelirudisha kwenye sanduku. Bibi alitaka kulichoma, nikamwomba aliache.

Swali la kutafakari wiki hii: ni nani amesimama kwenye uzio wangu, nami naendelea kuandika vijiti?

Tuombe. Bwana Yesu, uliyewapa watu wa Kana furaha bila kumwaibisha mtu yeyote, utupe macho ya kumwona aliye mbele yetu kabla hatujanyoosha mkono. Uwakumbuke mama na bibi wanaotusomesha kwa moshi na jasho. Uwainue walioanguka kwa vile tulivyowamiminia. Amina.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, utuombee.